Uzamiaji na upandaji wa Mlima Kilimanjaro

Uzamiaji na upandaji wa Mlima Kilimanjaro ni shughuli mbili ambazo mara nyingi huunganishwa katika safari moja ya Tanzania. Msafiri hupanda mlima kutokea Moshi, kisha huenda visiwa vya Unguja, Pemba au Mafia kuzamia kwa mtungi wa hewa au kusoma kozi ya uzamiaji. Wengine hufanya kinyume chake: huanza na bahari, kisha hupanda mlima.

Mpangilio huo una umuhimu kwa afya. Mzamiaji hupumua hewa yenye kanieneo (shinikizo) kubwa kuliko ya kawaida, na mpanda mlima hupumua hewa yenye kanieneo ndogo. Mtu anayetoka chini ya bahari na kupanda mlimani kabla mwili wake haujatoa nitrojeni ya ziada anaweza kupatwa na ugonjwa wa wazamiaji. Kwa sababu hiyo kanuni ya jumla ni kupanda mlima kwanza na kuzamia baadaye, au kuacha muda wa kutosha kati ya mzamo wa mwisho na safari ya kupanda.

Kanieneo ya hewa na ya maji

Kwenye usawa wa bahari kanieneo ya angahewa ni takriban atmosfia 1. Ndani ya maji ya bahari huongezeka kwa atmosfia 1 kila mita 10. Hivyo mzamiaji aliye kwenye kina cha mita 10 yuko chini ya atmosfia 2, na aliye mita 18 yuko chini ya atmosfia 2.8.

Mlimani hali ni kinyume: kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro vipimo ni takriban hivi:

* Pwani na visiwani (mita 0): atmosfia 1
* Mji wa Moshi (mita 800 hadi 900): atmosfia 0.9
* Lango la Marangu (karibu mita 1,900): atmosfia 0.8
* Kituo cha Horombo (karibu mita 3,700): atmosfia 0.65
* Kituo cha Kibo (karibu mita 4,700): atmosfia 0.57
* Kilele cha Uhuru (mita 5,895): atmosfia 0.5

Kutoka pwani hadi kilele cha Uhuru kanieneo hupungua kwa nusu. Uwiano huo ni sawa na wa mzamiaji anayepanda kutoka kina cha mita 10 hadi juu ya maji. Kwa kanuni iliyotolewa na Robert Boyle mwaka 1662, ujazo wa gesi huongezeka kanieneo inapopungua, mradi halijoto isibadilike. Kiputo cha gesi kilichomo mwilini pwani kingekuwa na ujazo wa karibu mara mbili kileleni.

Badiliko la kanieneo hujulikana pia na watu wasiozamia. Abiria anayeshuka kwa gari kutoka Marangu au Machame hadi Moshi huhisi masikio yakiziba, kisha yakizibuka anapomeza mate. Mzamiaji hufanya jambo hilohilo kwa makusudi kila anaposhuka mita chache: hubana pua na kupuliza polepole ili kanieneo ndani ya sikio ilingane na ya nje.

Ugonjwa wa wazamiaji

Sehemu kubwa ya hewa, karibu asilimia 78, ni nitrojeni. Mwili hauitumii. Mtu anapopumua hewa chini ya kanieneo kubwa, nitrojeni nyingi zaidi huyeyuka katika damu na tishu zake. Akipanda juu polepole, nitrojeni hiyo hurudi kwenye mapafu na kutolewa kwa pumzi. Akipanda haraka mno, hutengeneza viputo katika damu na viungo. Chupa ya soda inayofunguliwa ghafla huonyesha jambo hilo: gesi iliyokuwa haionekani hutoka kwa mapovu mara kizibo kinapoondolewa.

Dalili ni maumivu ya viungo, hasa mabega na viwiko, ganzi, kuwashwa kwa ngozi, uchovu mkubwa, kizunguzungu na udhaifu wa miguu. Katika hali mbaya mgonjwa hushindwa kukojoa, kupumua vizuri au kutembea. Mara nyingi dalili hutokea katika saa chache za kwanza, na kwa wengi kabla ya saa 24 kupita.

Mwanasayansi Mfaransa Paul Bert alieleza mwaka 1878 kwamba chanzo cha ugonjwa huo ni viputo vya nitrojeni. Mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake nchini Uingereza walichapisha majedwali ya kwanza ya kupanda kwa hatua, baada ya majaribio waliyofanya hasa kwa mbuzi. Majedwali ya leo, pamoja na kompyuta ndogo ambazo wazamiaji hufunga mkononi, yanaendeleza hoja ya Haldane. Uzamiaji wa burudani ulienea baada ya mwaka 1943, Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza kifaa cha kupumulia kinachotoa hewa ya mtungi kulingana na pumzi ya mzamiaji.

Majedwali ya kawaida hudhani kwamba mzamiaji akitoka majini atabaki kwenye usawa wa bahari. Akipanda ndege au mlima, kwa mwili wake ni kama anaendelea na safari ya kwenda juu, na nitrojeni ambayo isingemdhuru pwani inaweza kuanza kutoa viputo.

Muda wa kusubiri

Divers Alert Network (DAN), shirika la usalama wa wazamiaji lililoanzishwa Marekani mwaka 1980, hutoa mapendekezo yanayotumiwa na vyuo vingi vya uzamiaji:

* baada ya mzamo mmoja usiohitaji vituo vya lazima vya kupanda: angalau saa 12
* baada ya mizamo kadhaa kwa siku, au ya siku kadhaa mfululizo: angalau saa 18
* baada ya mzamo uliohitaji vituo vya lazima: muda mrefu zaidi ya saa 18, wengi husubiri saa 24 au zaidi

Mapendekezo hayo yalitungwa kwa ajili ya ndege, ambazo hewa ya ndani hulingana na mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Kwa safari ya Kilimanjaro yana matokeo mawili.

Kwanza, Moshi tayari imo katika masafa hayo. Mtu aliyezamia Nungwi asubuhi hawezi kukwepa muda wa kusubiri kwa kuchagua basi badala ya ndege, kwa kuwa barabara nayo inamfikisha zaidi ya mita 800. Mkazi wa Marangu, Machame, Kibosho au Rombo hupanda zaidi ili kufika nyumbani.

Pili, mlima wenyewe umezidi masafa hayo. Anayepita njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, karibu mita 2,700, na usiku wa pili Horombo, karibu mita 3,700. Saa 18 za ndege hazikupimwa kwa mwinuko huo. Kwa hiyo anayelazimika kuanza na bahari huacha muda mrefu zaidi kabla ya kuingia langoni. Siku mbili kamili bila kuzamia ni nafasi ambayo ratiba nyingi zinaweza kuibeba, kwa kuwa siku moja huenda kwenye safari na nyingine kwenye maandalizi Moshi.

Ndege ndogo zinazoruka kati ya Mafia, Pemba, Unguja na Dar es Salaam zinahitaji tahadhari ileile. Nyingi hazina hewa iliyoshindiliwa ndani, hivyo abiria hupata mwinuko halisi wa ndege.

Kupanda mlima kwanza

Anayeshuka mlimani hana nitrojeni ya ziada. Kwa kweli ana pungufu kuliko mtu wa pwani. Kwa upande huo anaweza kuzamia bila kusubiri. Lakini mwili wake una mambo mengine ya kuangaliwa.

Hewa ya mlimani ni baridi na kavu, na wapandaji wengi hushuka wakiwa na upungufu wa maji mwilini. Upungufu huo huhesabiwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa wazamiaji. Kikohozi na mafua ni vya kawaida baada ya siku sita za vumbi na baridi, na mtu mwenye pua iliyoziba hawezi kusawazisha masikio. Malengelenge ya miguu husumbua ndani ya mapezi ya kuogelea. Uchovu hupunguza umakini. Kwa sababu hizo siku moja au mbili za kupumzika, kunywa maji na kulala zinafaa kabla ya mzamo wa kwanza.

Dawa pia zina nafasi yake. Wapandaji wengi humeza asetazolamaidi ili kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Dawa hiyo huongeza mkojo na huweza kuleta hisia ya kuchomachoma vidoleni, ambayo inafanana na dalili ya ugonjwa wa wazamiaji. Ni vema kumaliza dozi na kuacha hisia hiyo ipotee kabla ya kuzamia.

Aliyepatwa na uvimbe wa mapafu mlimani, yaani maji kujaa ndani ya mapafu kwa sababu ya mwinuko, asizamie hadi daktari amruhusu, hata kama anajisikia amepona.

Kutofautisha magonjwa mawili

Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, saa kadhaa baada ya kufika. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Uchovu na kizunguzungu hupatikana katika magonjwa yote mawili. Maumivu ya kiungo kimoja yasiyo na jeraha, ganzi ya upande mmoja au udhaifu wa miguu huelekeza zaidi kwenye ugonjwa wa wazamiaji.

Kiongozi wa mlima huwa amezoea kuona maumivu ya kichwa kila wiki, na kwa kawaida hatafikiria bahari. Mpandaji aliyezamia siku chache kabla anapaswa kumweleza jambo hilo langoni, kabla ya safari kuanza. Dalili zikitokea, hatua ya kwanza ni ileile kwa magonjwa yote mawili: kushuka mara moja, na kupewa oksijeni ikiwepo. Mwenye dalili asiendelee kupanda kwa matumaini kwamba zitapita usiku.

Tiba kamili ya ugonjwa wa wazamiaji ni chumba cha kanieneo, ambamo mgonjwa huwekwa chini ya kanieneo kubwa akipumua oksijeni, kisha kanieneo hupunguzwa polepole. Unguja imekuwa na chumba cha aina hiyo huko Matemwe, kaskazini-mashariki mwa kisiwa. Kabla ya kuzamia ni busara kumwuliza mwenye kituo cha uzamiaji mambo matatu: chumba kilicho karibu kinachofanya kazi kiko wapi, mgonjwa hufikishwaje huko, na kama boti ina oksijeni. Mgonjwa asipelekwe kwa ndege ya kawaida bila ushauri wa daktari, kwa sababu kuruka huzidisha viputo.

Mafunzo ya uzamiaji

Mafunzo ya burudani husimamiwa na mashirika ya kimataifa, yakiwemo CMAS (lililoanzishwa 1959), PADI (1966) na SSI (1970). Vyeti vyao hukubaliwa nchi nyingi. Katika mfumo wa PADI ngazi kuu ni hizi:

* Mzamo wa kujaribu: bila cheti, pamoja na mwalimu, hadi kina cha mita 12.
* Mzamiaji wa maji ya wazi: cheti cha kwanza, hadi mita 18. Umri wa kuanza ni miaka 10, lakini walio chini ya miaka 15 hupewa cheti cha vijana chenye masharti zaidi.
* Mzamiaji wa ngazi ya juu: hadi mita 30.
* Mzamiaji mwokoaji: kuzuia ajali na kumsaidia aliyepatwa.
* Kiongozi wa wazamiaji: ngazi ya kwanza ya kazi. Mwanafunzi awe na umri wa miaka 18 na mizamo 40 anapoanza, na afikishe mizamo 60 anapomaliza.
* Mwalimu: baada ya kufikisha mizamo 100 na kufaulu mtihani.

Kozi ya kwanza huchukua siku tatu au nne. Ina sehemu tatu: nadharia, mazoezi katika bwawa au maji tulivu, na mizamo minne baharini. Mwanafunzi huogelea mita 200 bila kikomo cha muda na kuelea kwa dakika 10. Hujaza pia fomu ya afya. Akiwa na pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au tatizo la masikio, huhitaji kwanza idhini ya daktari.

Anachofundishwa mapema ni kutozuia pumzi. Hewa iliyomo kwenye mapafu hupanuka mtu anapopanda, na akiizuia inaweza kupasua mapafu hata kutoka kina cha mita chache. Hufundishwa pia kupanda polepole, kwa kawaida isizidi mita 9 kwa dakika, na kutulia dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kutoka majini.

Kwa mkazi wa Moshi

Moshi iko mbali na bahari, lakini sehemu ya kozi inaweza kufanyika kabla ya safari. Nadharia husomwa kwa intaneti. Kuogelea, ambako ni kikwazo cha kwanza kwa vijana waliokulia milimani, kunaweza kujifunzwa katika mabwawa ya hoteli za mjini. Kuna pia utaratibu wa kufanya nadharia na mazoezi ya bwawa kwa mwalimu mmoja, kisha kumalizia mizamo ya bahari kwa mwalimu mwingine ndani ya miezi 12. Kwa njia hiyo siku za kulipia malazi kisiwani hupungua.

Kwa viongozi na wapagazi wa Kilimanjaro wanaotaka kazi ya pili baharini, tatizo kubwa ni ratiba. Anayemaliza kozi Jumapili na kuitwa kupandisha wageni Jumatatu yuko katika hatari kuliko wageni wake, kwa kuwa yeye atapanda akiwa na mzigo. Uzoefu wake wa mwinuko hautoi nitrojeni mwilini haraka zaidi.

Ziwa Chala na uzamiaji wa mwinuko

Ziwa Chala liko ndani ya kreta ya volkeno upande wa mashariki wa Kilimanjaro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kwenye mwinuko wa karibu mita 880. Lina eneo la takriban kilomita za mraba 4, kina cha zaidi ya mita 90, na maji yake hutoka hasa chini ya ardhi. Ziwa hilo linaonyesha vizuri kwa nini uzamiaji wa mwinuko hufundishwa peke yake.

Katika mfumo wa PADI, maji yoyote yaliyo juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa ya mwinuko. Hewa juu ya Chala ni takriban atmosfia 0.9. Anayetoka majini hapo hufikia kanieneo ndogo kuliko pwani, kwa hiyo kina cha mita 18 ziwani huhesabiwa kwenye majedwali kama mita 20 hivi za baharini. Anayefika kutoka pwani siku hiyohiyo huhesabiwa pia kuwa na nitrojeni ya ziada hata kabla ya kuzamia, kwa sababu mwili wake bado una gesi ya usawa wa bahari. Chala si kituo cha mafunzo: kingo zake ni mwinamo mkali, na mamba wamewahi kuua mtu humo.

Majira na mahali

Miezi inayopendwa kwa mlima ni Januari hadi mwanzo wa Machi, na Juni hadi Oktoba. Masika, kati ya Machi na Mei, hufanya njia ziteleze na maji ya bahari yapungue uwazi. Baharini, upepo wa kusi huchafua pwani ya mashariki na kusini katikati ya mwaka. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Januari, Februari, Septemba na Oktoba ni miezi inayofaa kwa shughuli zote mbili.

Wanaoanza huzamia sana kaskazini mwa Unguja, kutoka Nungwi na Kendwa, na kuzunguka kisiwa cha Mnemba, penye kasa, pomboo na makundi ya samaki wa matumbawe. Pemba ina kuta za matumbawe zinazoshuka kwenye kina kirefu pamoja na mikondo yenye nguvu, hivyo inawafaa zaidi wenye uzoefu. Kisiwa cha Misali ni maarufu upande wake wa magharibi. Mafia ina Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini Tanzania, na ghuba ya Chole iliyokingwa na mawimbi. Karibu na Kilindoni papa potwe huonekana hasa kati ya Oktoba na Machi. Huko Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, wageni hutazama matumbawe kwa kuogelea juu tu. Kuzamia kwa mtungi kumewekewa mipaka ili kulinda miamba.

Mfano wa ratiba

Ratiba ya wiki mbili inayoanza na mlima inaweza kupangwa hivi:

* Siku ya 1 hadi 6: kupanda na kushuka Kilimanjaro.
* Siku ya 7: kupumzika Moshi.
* Siku ya 8: kwenda Unguja, kwa ndege kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), au kwa basi hadi Dar es Salaam na boti.
* Siku ya 9 hadi 12: kozi ya kwanza ya uzamiaji.
* Siku ya 13: bila kuzamia.
* Siku ya 14: ndege ya kurudi nyumbani.

Kwa anayeanza na bahari, mzamo wa mwisho uwe siku ya 5, safari ya Moshi siku ya 7, maandalizi siku ya 8 na lango la mlima siku ya 9. Ratiba ikibana, kinachopunguzwa ni idadi ya mizamo. Siku za kusubiri hubaki kama zilivyo. Bima nayo isomwe kwa makini, kwa kuwa nyingi huweka kikomo cha kina kwa mzamiaji na kikomo cha mwinuko kwa mpandaji, na safari hii hugusa vyote viwili.

Tazama pia

* Mlima Kilimanjaro
* Moshi (mji)
* Ziwa Chala
* Kisiwa cha Mafia
* Ugonjwa wa mwinuko
* Kanieneo